Barua kwa mwanangu, kabla hajatia sahihi

Muheza, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo, ila presha ya mama yako imepanda tena tangu Alhamisi, na sababu yake unaijua. Dada yako alinionyesha picha ya zile karatasi za jeshi, ambayo uliona vyema kumtumia yeye badala yangu. Niliikuza mpaka nikauona ukucha wa kidole gumba chako ukingoni, umekuwa mweusi kama uliobanwa na mlango, nikajua kwamba kazi ya ghala unayotuambia ni nyepesi si nyepesi hata kidogo. Karatasi yenyewe nimeisoma kwa kamusi, mstari kwa mstari. Nakuomba jambo moja, na nitalirudia hata ukichoka: usitie sahihi kabla mimi na wewe hatujazungumza.

Umemwambia dada yako kwamba ni miaka minne tu. Mkataba wa kujiunga na jeshi la Marekani kwa kawaida ni wa miaka minane; hiyo minne ni ya kazi ya kila siku, na iliyobaki unakuwa askari wa akiba anayeweza kuitwa wakati wowote. Wakati wa vita vya Iraq walikuwako maelfu ya askari ambao muda wao ulikwisha, lakini wakazuiwa kuondoka kwa sababu vikosi vyao vilikuwa vikipelekwa vitani. Mikataba yao iliruhusu hivyo. Ndiyo maana nakusihi usitie sahihi kwa kusomewa na mtu ambaye kazi yake ni kuandikisha watu.

Sisemi haya kwa kuichukia Marekani. Ulipopata ile viza ya bahati nasibu ni mimi niliyeuza michungwa ya upande wa bondeni, na kwa watu nilijisifu kupita kiasi. Nchi iliyotoka katika Vita Kuu ya Pili ikiwa na karibu nusu ya uzalishaji wa viwanda wa dunia, kisha kuanzia mwaka 1948 ikatoa takriban dola bilioni 13 kuijenga upya Ulaya ya Magharibi, haidharauliki. Lakini wewe unadai kwamba jeshi ndilo linaloipa nguvu sarafu yao ya dola, na kwamba anayelitumikia amejiweka upande wa mshindi. Hapo sikubaliani nawe. Gharama za vita vya Vietnam zilichangia kuipunguza akiba yao ya dhahabu, mpaka tarehe 15 Agosti 1971 Rais Nixon akatangaza kwamba serikali za nje hazitabadilishiwa tena dola zao kwa dhahabu. Dola iliendelea kutamba kwa sababu uchumi ule ni mkubwa, hati fungani zao, yaani karatasi za kuikopesha serikali yao, hazikosi mnunuzi, na dunia inaamini kwamba italipwa.

Nguvu hiyo ndiyo inayonitia hofu. Taifa linaloweza kukopa kwa fedha yake lenyewe linaweza kwenda vitani bila raia wake kuhisi lolote dukani. Truman alipandisha kodi ili kugharimia vita vya Korea. Bush alipunguza kodi mwaka 2001, akapunguza tena mwaka 2003, mwaka uleule alioivamia Iraq kutafuta silaha za maangamizi ambazo hazikuwepo. Afghanistan walikaa miaka 20, na ndege yao ya mwisho iliruka Agosti 2021 huku Taliban wakiwa wameshaingia Kabul. Katika mwaka wa fedha 2024 riba ya deni lao ilizidi matumizi ya ulinzi. Ikiwa atakayelipa bado hajazaliwa, nani atauliza vita vitakwisha lini? Katiba yao imelikabidhi Bunge mamlaka ya kutangaza vita, na mara ya mwisho Bunge hilo kutangaza rasmi ilikuwa mwaka 1942. Hesabu mwenyewe vita walivyopigana tangu hapo.

Sisi tulihisi. Mwalimu aliposema kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo, nilikuwa na miaka 19, nikaondoka na wenzangu wa mgambo tukiimba. Vita vile vilikuwa vya haki na sijuti kwenda, lakini miezi 18 ya kufunga mkanda tuliyoambiwa haikuisha kwa miezi 18, na bibi yako alifua kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Wewe nilikusimulia habari za kuingia Kampala, kwa kuwa ndizo ulizopenda. Sikukusimulia kwamba tulipovuka mto Kagera tulikuta sufuria ya ndizi ikiwa bado mafigani, imeungua mpaka chini, na pale nyumbani hapakuwa na mtu wa kuila. Pengine ningekuambia hilo tangu ukiwa mdogo.

Nami nilijua nimetumwa kupigana na nani. Wewe hutachagua. Mwaka 1998 tuliomboleza pamoja na Wamarekani waliposhambuliwa Nairobi na Dar es Salaam, ingawa wengi wa waliokufa walikuwa Waafrika. Wiki mbili baadaye makombora yao yakabomoa kiwanda cha dawa mjini Khartoum. Askari aliyebonyeza kitufe alitii amri. Siku ukiamriwa wewe, utamwuliza nani?

Dada yako anasema umesukumwa na mahitaji ya nyumbani. Kama ni bati, zisubiri. Mwaka huu nimekuuliza habari za bati mara tatu, na ujumbe wa mwisho niliuandika kwa hasira baada ya mvua kuingia chumbani, ufute. Fundi ameweka turubai upande wa jikoni na linatosha mpaka vuli. Ada ya mdogo wako imelipwa kwa mbuzi wawili, na yule wa madoa amezaa mapacha. Pampu ya kisima ndiyo inasumbua, lakini hiyo ni ya kwangu. Kuhusu uraia, kumbuka kwamba sheria yetu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo unachokipata kule kuna unachokiacha huku.

Umekuwa hodari, baba, kuliko nilivyokuwa mimi katika umri wako, na mama yako huniambia nilipaswa kukuambia mapema. Nipigie Jumamosi saa mbili usiku ya huku, kwenu itakuwa bado mchana. Simu haishiki vizuri ndani, nitakaa chini ya mwembe. Mpaka wakati huo, karatasi iache mezani na kalamu uiweke mbali.

Ni mimi, baba yako