Kwa nini tunachomoa diski zako nyingine kabla ya kuweka Windows

Malalamiko ni yale yale, hubadilika sauti tu: "Windows ni Windows. Mtaani nawekewa kwa mia tano, nyinyi mwanidai elfu mbili na mia tano, tena mwaifungua mashine yangu bila sababu." Wiki iliyopita yamekuja tena dukani kwetu kwa WhatsApp, safari hii kutoka ofisi moja ya uwakala wa forodha, na neno lililotumika ni "kuibiwa". Basi tuandike mara moja kwa urefu, ili siku nyingine tuwe tunatuma linki.

Mashine ya ofisi hiyo ni Dell OptiPlex, zile zilizotumika Uingereza zikaletwa huku. Ndani mna diski ya zamani ya kuzunguka, GB 500, na SSD mpya (diski ya chipu, isiyozunguka) ya GB 240 waliyoinunua wenyewe. Mtu aliwawekea Windows kwenye SSD huku diski ya zamani ikiwa bado imechomekwa. Ikawaka, ikawa nyepesi, kila mtu akafurahi. Miezi ikapita, ile ya zamani ikaanza kugonga tik-tik kama saa ya ukutani, wakaichomoa. Kuwasha, skrini nyeusi na maandishi meupe: No bootable device. Ikaletwa kwetu na shutuma kwamba SSD waliyouziwa ni bandia. SSD ilikuwa nzima kabisa.

Kilichotokea ni hiki. Mashine ya kisasa, ile inayotumia UEFI (programu ya kuwashia iliyo ndani ya mashine), haianzi moja kwa moja na Windows. Huanza na kipande kidogo cha diski kiitwacho patisheni ya EFI, kwa kawaida MB 100, ambamo mna faili za kuamshia mfumo. Setapu ya Windows ikikuta diski tupu iliyo peke yake, hutengeneza kila kitu hapo: EFI ya MB 100, kipande cha akiba cha MB 16 ambacho hutakiona ukifungua This PC, Windows yenyewe, na kipande cha ukarabati. Lakini ikikuta diski nyingine iliyo na EFI tayari, aghalabu ile yenye namba 0, haisumbuki kutengeneza nyingine. Huandika faili za kuamshia humo humo. Nyumba iko Nyali, ufunguo umeachwa Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa. Siku feri isipovuka hulali kwako.

Kurekebisha kunawezekana. Unawasha kwa flashi ya Windows, unabonyeza Shift na F10 upate dirisha la amri, unaingia diskpart (programu ya kugawa diski), unachagua patisheni ya Windows na kuipunguza kwa MB 300. Nafasi hiyo unaitengenezea EFI ya MB 260, unaifomati kwa mtindo wa FAT32, unaipa herufi S, kisha nje ya diskpart unaandika amri ya kuweka upya faili za kuamshia: bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI. Kabla ya hapo hakikisha herufi, maana ndani ya setapu C yako (patisheni ya Windows) yaweza kuitwa D, na amri ikapiga mahali pasipo pake. Kazi hiyo tunaitoza 1,500 peke yake. Ilikuwa ya kuepukwa kwa kuchomoa kebo moja.

Kwa hivyo hapa dukani, setapu ya Windows huonyeshwa diski moja tu, ile inayowekewa. Nyingine zote hukaa nje mpaka kazi ishe, na flashi za mteja, diski za nje na kadi za kamera pia. Hilo ndilo linalotufanya tufungue mashine, si udadisi.

Njia ya mkato tunayoiona sana ni kuziacha zote ndani na "kuangalia kwa makini". Kuangalia nini? Setapu haikwambii "hii ni ya picha za harusi". Inakuonyesha Drive 0, Drive 1, na ukubwa. Namba hizo si lazima zifuate mpangilio wa kebo kwenye madabodi (bodi kuu ya mashine), na zaweza kubadilika ukizima na kuwasha. Ukubwa nao si ule ulioandikwa kwenye boksi: diski ya GB 240 huonekana 223, ya GB 256 huonekana 238, ya GB 500 huonekana 465, ya TB 1 huonekana 931. Mpiga picha mmoja wa Majengo alikuwa na mbili za TB 1, moja ya mfumo na moja ya kazi za wateja. Zote 931. Binamu yake akachagua kwa kubahatisha, akakosea, na misimu miwili ya harusi ikalazimika kutafutwa kwa programu za kuokoa faili. Nyingi zilipatikana, lakini bila majina na bila folda, video ndefu zikiwa zimekatika vipande.

Amri ya clean ndani ya diskpart ndiyo hatari zaidi, kwa sababu haiulizi "una hakika?". Ukishabonyeza Enter, jedwali la patisheni limekwenda. Sisi wenyewe huitumia, tena kila siku, kwani ndiyo njia safi ya kuondoa mabaki ya mfumo wa zamani: list disk, halafu select disk na namba, halafu detail disk ili usome modeli na uilinganishe na karatasi iliyobandikwa juu ya diski yenyewe, ndipo clean, ndipo convert gpt, yaani kuipa diski jedwali la mtindo wa kisasa. Baada ya hapo unachagua ile nafasi tupu kwenye setapu na kubonyeza Next, bila kugawa chochote kwa mkono. Wengi huruka detail disk. Wengine hufuta flashi waliyowashia, kwa kuwa nayo imo kwenye orodha kama diski nyingine yoyote. Hiyo ni hasara ndogo, ya kucheka. Ile clean all ni kitu kingine, huandika sifuri diski nzima kwa masaa mengi, na kwa SSD ni kuichosha bure.

Kuchomoa, hata hivyo, ni hatua ya mwisho ya maandalizi. Yaliyo kabla yake ndiyo yanayokula muda, na ndiyo yasiyoonekana kwenye risiti.

La kwanza ni kufuli la BitLocker, lile la Windows linaloifunga diski isisomeke bila ufunguo. Mwalimu mmoja wa ng'ambo ya Likoni alitaka C ifutwe na D ibaki, kwa sababu mitihani yote imo D. Kijana aliyemfanyia aliifuta C na kuiacha D salama, kama alivyoagizwa. Windows mpya ikaja juu, D ikadai ufunguo wa tarakimu 48. Hakuwahi kuuona maishani, kwa sababu D ilikuwa ikijifungua yenyewe. Siri ya kuifungua ilikuwa imehifadhiwa ndani ya ile C iliyofutwa. Bahati ufunguo ulikuwamo kwenye akaunti yake ya Microsoft, akaipata baada ya siku mbili za kukumbuka barua pepe aliyoitumia. Tunachofanya sisi ni kuandika manage-bde -status, amri ya kuuliza kama diski imefungwa, kabla ya kugusa kitu, na kila diski iliyofungwa tunaifungua kwa manage-bde -off na kungoja asilimia ya kufungwa ishuke hadi 0. Kwa diski kubwa ya kuzunguka ngoja hiyo ni ya masaa. Na usidhani haikuhusu kwa kuwa hujawahi kuweka kufuli: Windows 11 toleo 24H2, ikiwekwa upya na ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, yaweza kufunga diski yenyewe bila kukuomba ruhusa.

La pili ni faili zilizo C bila wewe kujua. "Kila kitu changu kiko D" ni sentensi tusiyoiamini tena, mtusamehe. Desktop iko C. Downloads iko C. Barua za Outlook, alama za kivinjari, faili la kampuni la programu ya hesabu, mara nyingi ziko C. Kuna na kinyume chake: programu zilizowekwa D hazitafanya kazi baada ya C kufutwa, hata kama folda zake zote zipo, ni lazima ziwekwe upya. Weka akiba ya masaa pia. TB 1 kwa MB 100 kwa sekunde ni karibu masaa matatu, na hiyo ni kwa faili kubwa kubwa. Kwa kebo ya USB 2.0, ambayo haipiti MB 35 hivi, ni usiku mzima. Tunanakili mashine ikiwa kwenye UPS, kwa sababu umeme wa mjini mwaujua.

La tatu ni afya ya diski. Tunaifungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, na kusoma mistari mitatu, 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu za diski zilizoharibika au zinazoshukiwa. Ikiwa C5 ina namba na inapanda, hatuweki Windows hapo hata mteja akisema "weka tu, nitanunua nyingine mwisho wa mwezi". Na hatukimbizi chkdsk /r, amri ya kukagua na kutengeneza diski, juu ya diski inayokufa; huko ni kumpigisha mgonjwa kwata. Kwanza nakala, mengine baadaye.

Kuna laptop nyingine, za Intel kizazi cha 11 kwenda juu, ambazo setapu haiioni kabisa SSD yake ya NVMe (aina ya kasi) mpaka upakie draiva ya Intel kutoka kwenye flashi kwa kitufe cha Load driver. Asiyejua hili huona diski moja tu, ile kubwa ya kuzunguka, akafikiri SSD imeungua, akaweka Windows juu ya picha za watoto. Na zile zenye Intel Optane (kumbukumbu ndogo ya kuharakisha diski) ya GB 16 iliyounganishwa na diski ya kuzunguka, muungano huo huvunjwa kwanza ndani ya Windows ya zamani, ikiwa bado yawaka. Ukichomoa mojawapo kabla, nusu ya habari iko huku na nusu kule.

Sasa kuchomoa kwenyewe. Kuzima kwa menyu ya kawaida hakutoshi, maana Fast Startup, mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka, huiacha mashine nusu usingizini na diski zako zikiwa hazijafungwa vizuri. Tunazima kwa shutdown /s /t 0, tunatoa waya wa umeme, tunashikilia kitufe cha kuwashia sekunde 10. Kwenye laptop betri hutolewa kwanza. Kwa diski ya SATA, ile ya kuunganishwa kwa kebo, yatosha kuchomoa kebo ya data, lakini ivutwe ikiwa imenyooka: kile kiulimi cha plastiki chenye umbo la L kikivunjika kwa kuvutwa upande, diski nzima inageuka kuwa kazi ya kuunganisha kwa risasi ya kulehemu. Mashine zilizokaa karibu na bahari, Nyali, Kizingo, Bamburi, tunazikuta na kutu ya kijani kwenye miguso, na hizo hatuzirudishi bila kuzisafisha kwa spiriti. SSD za M.2, zile bapa za kuchomekwa juu ya madabodi, zimeshikwa kwa skrubu moja ndogo kuliko punje ya mchele. Ukiitoa, SSD hunyanyuka yenyewe upande mmoja, na skrubu ikidondoka ndani ya madabodi usiwashe mpaka uipate. Kila diski tunaibandika karatasi: C ya zamani, D, E. Madabodi nyingine zinaruhusu kuzima soketi moja moja ndani ya BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe), na zikiruhusu hatufungui kitu.

Windows ikishakuwa juu na imewaka mara mbili bila flashi, ndipo nyingine zinarudishwa, moja baada ya nyingine. Herufi zikiwa zimehama, tunazirudisha kwenye Disk Management, kwani programu ya hesabu iliyozoea D haitatafuta faili lake E. Folda zikikataa kufunguka kwa sababu ya ruhusa za mtumiaji wa zamani, hilo nalo ni letu, halina malipo ya ziada.

Bei basi. Mashine ya diski moja, 1,500. Diski mbili au zaidi, 2,500, pamoja na yote tuliyoyataja isipokuwa kunakili. Kunakili ni 500 kwa kila GB 250, na diski ya kunakilia uje nayo. Yule wa mia tano anauza dakika 40 za kungojea setapu. Hatuna ugomvi naye, ikiwa mashine ina diski moja na huna unachokihifadhi, mpe kazi. Na kama OptiPlex yako ni ya kizazi cha 6 au cha 7, tuulize kabla ya kulipa: Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, kizazi cha 8 kwenda juu. Tutakwambia wazi ikiwa haifai.

Njoo na chaja, paswadi ya akaunti ya Microsoft, na karatasi yenye majina ya programu unazozitumia. Ukileta asubuhi mashine ya diski mbili, itegemee kesho yake jioni. Ijumaa tunafunga saa sita na nusu hadi saa nane, na simu za wakati huo tunazijibu tukirudi.