Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Kuidhinisha Ramani za Majengo, Nairobi

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima. Naandika nikiwa kwa dada yangu Umoja, ambako tunalala watu saba chumba kimoja tangu Jumanne, mtungi wa gesi uliposhika moto orofa ya pili ya ploti yetu, jengo la kupanga mtaani Pipeline.

Mimi nakaa orofa ya sita. Moto haukunifikia, moshi ndio uliofika. Ngazi yetu ni moja, haina mlango hata mmoja wa kuukinga, basi ikauvuta moshi juu kama dohani. Madirisha yote yana grili. Nilimfunga mwanangu leso mbichi puani, tukashuka tukipapasa ukuta, na chini tukakuta geti lina kufuli, keateka hayupo. Vijana wa bodaboda ndio waliolivunja. Gari la zimamoto lilikwama mwanzo wa kichochoro.

Mtoto bado anakohoa usiku. Nguo za wateja nilizokuwa nikishona zimejaa masizi, na wenyewe wanazidai.

Majirani wanamlaumu mama mwenye gesi. Mimi siwezi. Mtungi huweza kushika moto nyumba yoyote; kilichotaka kutuua ni ramani, na nadhani orofa za juu ziliongezwa baada ya muhuri. Kama si hivyo, basi kuna aliyeiona ngazi ile moja akatia sahihi.

Januari 2009 supamaketi ya Nakumatt Downtown iliteketea na watu ndani, tukaahidiwa. Moto wa soko la Gikomba 2018 wakafa watu 15, tukaahidiwa tena. Hata London, mwaka 2017, jengo la Grenfell lenye orofa 24 na ngazi moja liliungua, wakafa watu 72. Leo tuna Kanuni za Taifa za Ujenzi za 2024, baada ya kuishi na zile za 1968 miaka yote hiyo. Zifanye kazi, Mheshimiwa.

Mhandisi wa usalama wa moto aketi na msanifu siku ramani inapochorwa: ngazi ya pili, milango ya kuzuia moshi, bomba la maji hadi juu, nafasi ya gari kupita. Asiletwe nyumba ikiisha, aje kutundika mitungi myekundu ya kuzimia moto ukutani. Ngazi ya pili haitundikwi.

Mkabala na ploti yetu inajengwa nyingine. Wamefika orofa ya nne, na ngazi ni moja. Nakuomba, nenda ukaitazame kabla hawajamwaga slabu ya tano.

Mpangaji, Pipeline