Asante sana, fundi wa Mamboleo

Kidimbwi chetu cha mayungiyungi kilikuwa kinavuja. Mawe yalikuwa yametoboa nailoni iliyotandikwa chini kuzuia maji. Fundi mmoja wa Mamboleo, hapa Kisumu, alipita njiani, akavua viatu akaingia. Aliitoa nailoni, akaokota mawe na mizizi, akatandaza mchanga wa sentimita 5, juu yake magunia makuukuu. Usawa wa kingo aliupima kwa bomba la mpira lenye maji, maana upande mmoja ukiinama maji humwagikia hapo hapo. Nailoni mpya akaiacha izidi sentimita 30 kila upande. Mayungiyungi aliyapanda kwenye karai, kwa udongo wa mfinyanzi usio na samadi, kwani samadi hulisha mwani, kisha kokoto juu. Gugumaji la ziwani, lile gugu linaloelea na kuenea upesi, alilikataa katakata. Malipo pia.

Mzee wetu, Mungu akuzidishie. Nanyi wenye ujuzi huu, mkiona kidimbwi cha jirani kinavuja, bisheni hodi.