Umsomee Mzee barua hii, Wafula

Kisumu
Jumapili usiku

Kwako Wafula,

Mulembe, ndugu yangu. Hujambo wewe, hajambo Mama Nafula, hawajambo watoto? Sisi tu wazima. Mvua imerudi na mbu wamerudi nayo. Najua nimenyamaza tangu yale mazishi ya Chwele, na najua utaniambia simu nilikuwa nayo. Lakini barua hii si yako peke yako, ni ya Mzee, na Mzee kwenye simu husema tu "Halo! Halo!" mpaka salio liishe. Kwa hivyo nakuomba uketi naye asubuhi akishamaliza chai, umsomee polepole, kwa sauti. Penye upuzi wangu unaweza kuparuka.

Kabla hujatupa bahasha, itikise. Kuna karatasi ndogo imekunjwa. Hiyo ni kazi ya mwanangu Adhis: aliiweka juu ya sarafu akasugua kwa penseli mpaka picha ikatokea. Utaona duara lenye tundu katikati na pembe za ndovu zimelizunguka tundu. Ni senti kumi ya Afrika Mashariki, ya mwaka 1936. Sarafu yenyewe amekataa katakata isitoke nyumbani, eti mpaka Mzee "ajibu kwanza". Swali lake nitalifikia. Acha nieleze tulivyofika huko, maana ukisubiri kusikia kwa watu utasikia mengine kabisa.

Unamkumbuka Ouko, shemeji yangu wa mipango? Alipokwenda Ikolomani kutafuta dhahabu alikopa pesa kwangu. Dhahabu haikumtambua. Alirudi na malaria pamoja na mashine ya kutafuta chuma ardhini, akaniachia hiyo mashine iwe rehani, ikawa inakula vumbi nyuma ya kabati. Sasa mke wangu Akoth siku hizi yuko zamu ya usiku wodini, na Jumamosi asubuhi akirudi anataka kitu kimoja tu duniani: nyumba inyamaze. Adhis ana miaka sita na kunyamaza hajafundishwa. Basi nikabeba mashine, nikamshika mtoto mkono, tukaenda kwenye ile bustani tuliyokuwa tukicheza mpira mimi na wewe tukitoka shule.

Usinicheke. Ruhusa niliitafuta kwanza. Niliwaandikia wanaosimamia bustani nikawaeleza: mtoto mmoja, kisu kidogo, shimo lisilozidi kiganja, na nyasi zote kurudi mahali pake. Wakanigongea muhuri. Bila huo muhuri huenda ningekuwa nakuandikia kutoka seli, maana mtu mzima aliyevaa vitu vya masikioni, anayeyumbisha fimbo na kuchimbachimba chini ya miti, hapa mjini ni ama mwizi wa nyaya ama mchawi. Mama wa njugu alihamisha beseni lake. Vijana wawili waliokuwa wakipita waliinua mikono wapekuliwe, wakidhani mimi ni wale walinzi wa mlangoni supamaketi. Kanjo, yule askari wa kaunti, naye alikuja mbio, akaisoma barua mpaka chini, akaigeuza aone kama nyuma kuna kitu, kisha akasema, "Hebu nijaribu." Akapata kizibo cha soda. Alifurahi, nakwambia! Akakitia mfukoni.

Vizibo, Wafula. Naanza kuamini chini ya zile nyasi hakuna udongo, ni vizibo tu mpaka ziwani. Mashine ya Ouko ilitengenezewa dhahabu. Inatumia masafa ya juu ili isikie hata punje, kwa hivyo bustanini inalilia kila kitu: karatasi za ndani ya pakiti za sigara, vishikio vya mikebe, meno ya zipu. Nilimweleza Adhis inavyofanya kazi, kwamba ile sahani ya chini inatuma nguvu za sumaku ardhini, nguvu hizo zikikuta chuma zinaamsha umeme kidogo ndani yake, na umeme huo nao unatoa sumaku yake ambayo mashine inaisikia. Akafikiri, halafu akaenda kuwaambia watoto wenzake, "Inabisha hodi. Kama kuna mtu anajibu." Sijaweza kumshinda kwa maelezo tangu siku hiyo. Kwenye njia za murram hatupiti kabisa, huko chuma kimo ndani ya udongo wenyewe na hodi inaitikiwa kila hatua.

Mimi nakata nyasi pande tatu na kuzifunua, udongo tunauweka juu ya gunia usipotee, yeye anapekua kwa vidole. Tukimaliza tunafukia, tunakanyaga, na lazima aliage shimo. Baada ya mvua kazi ni nyepesi, ardhi ni laini na sauti inatoka vizuri. Tumepata shilingi za Kenyatta na za Moi, ile shilingi tano yenye pembe saba, funguo ya kufuli lisilojulikana, na kijiko. Kijiko kilimfurahisha kuliko pesa zote.

Hii ya tundu ilikuwa karibu na mizizi ya ule mti mkubwa, upande wa kivuli. Sauti yake ilikuwa tofauti. Haikukatikakatika kama ya kizibo, na nilipozunguka kuijia kutoka upande mwingine ililia vilevile. Adhis alitoa kitu cha kijani kilichokolea matope, akakichokonoa kwa ukucha, tundu likafunguka, akaliweka jichoni. "Baba, nakuona." Nilitaka kuipangusa kwa shati nikajizuia, maana sarafu kuukuu ukiisugua unaikwaruza na sura yake ndiyo basi tena. Tuliiloweka kwenye maji, baadaye kwenye mafuta. Herufi zikaanza kujitokeza moja moja, na Adhis akizisoma kwa sauti kama alivyofundishwa, E, D, W, A...

Edward wa Nane! Hapo mimi mwenyewe niliketi. Huyu alishika ufalme wa Uingereza Januari 1936, na kufikia Desemba mwaka huohuo alikuwa ameshauachia, amwoe Wallis Simpson, mwanamke wa Kimarekani. Kwao Uingereza hawakuwahi kuzungusha sarafu zenye sura yake. Lakini hizi zetu za tundu hazikuhitaji sura. Katikati pametobolewa, uso utauweka wapi? Zilihitaji taji na jina tu, basi zikatengenezwa, zikaletwa. Yaani mtu wa hapa akienda kununua chumvi alikuwa na mfalme huyo mkononi, na Mwingereza kule London hakuwa naye. Mwulize Mzee kama waliwahi kuambiwa hilo.

Adhis alitaka kujua kwa nini mfalme hana kichwa. Nikaeleza. "Alifukuzwa?" Hapana, aliacha mwenyewe. "Kwa sababu ya harusi?" Ndiyo. Akanitazama. "Na wewe uliacha nini ndiyo umwoe Mama?" Nikasema pombe. Kicheko kikatoka chumbani, kumbe Akoth hata hajalala.

Sasa sikia balaa. Niliipeleka soko la Kibuye kwa mzee mmoja anayeuza vitu vikuukuu, nijue tu thamani yake. Akaigeuza, akanitajia bei ya chai na maandazi, na nadhani alikuwa mkweli, kwa kuwa sarafu hizi zilitengenezwa kwa mamilioni. Nikamshukuru. Lakini tulipofika nyumbani habari ilikuwa imeshatutangulia, tena imenenepa njiani. Jioni jirani ananipongeza. Kesho yake Ouko anapiga simu kutoka Migori: mashine ni yake, kwa hivyo nusu ni yake, na anamjua mtu anayemjua mnunuzi Dubai, laki nane pesa taslimu. Mama mkwe ameuliza, kwa upole sana, kama sasa lile paa litawezekana. Na kuna ujumbe unazunguka kwenye WhatsApp ya ukoo, picha ya sarafu kama yetu, "tunanunua kwa mamilioni, tuma elfu mbili za usajili". Mnunuzi gani huyo anayelipwa na muuzaji? Ouko alikuwa ameshaanza kuchangisha hizo elfu mbili. Nimemwambia akituma, asahau mashine na deni lake nalipandisha.

Halafu mwalimu wa ploti akanitia hofu kwamba serikali itakuja kuichukua. Nikaenda kuisoma sheria ya makumbusho na turathi, ile ya 2006. Kinachohesabiwa humo kuwa kitu cha kale ni kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895. Senti yetu imesalimika. Shida ni kwamba Adhis sasa anataka rupia, kwa kuwa nilimsimulia jinsi reli ilivyofika hapa Desemba 1901, mji wenyewe ukiitwa Port Florence, na pesa iliyotumika ilikuwa rupia, shilingi ikaja baadaye miaka ya ishirini. Ikitokea rupia ya Malkia Victoria yenye mwaka wa 1880 na kitu, nitaipeleka Makumbusho ya Kisumu bila kubishana na mtu. Ouko akadai nusu yake hukohuko.

Basi, Mzee. (Wafula, hapa soma polepole.) Watu wote wameniuliza senti hii itauzwa pesa ngapi. Adhis peke yake ndiye anayeuliza ilinunua nini. Anauliza akila, anauliza akioga. Nilimwambia ni sehemu ya kumi ya shilingi, akasema hiyo ni hesabu ya shule. Anataka kujua mtoto aliyekuwa nayo mkononi alikuwa anaelekea wapi. Dukani? Kununua ndizi, na ni ndizi ngapi? Andazi? Muwa? Ilitosha kupanda basi? Mtoto alipewa senti kumi akatumwa, au hiyo ilikuwa pesa ya wakubwa na ya watoto ni ndururu, ile senti tano? Mimi sina jibu. Nilizikuta pesa za tundu zimetungwa kwenye kamba ya nyanya yangu, hazinunui kitu tena.

La pili nimeamriwa niliandike kama lilivyosemwa. Mzee alifanya kazi reli, aliishi hapa akiwa kijana, na bustanini alikuwa akipita. Kwa hivyo huenda ndiye aliyeidondosha. Kama ni yake atarudishiwa, lakini lazima kwanza aseme iliangukia wapi. Akisema pengine, si yake. Nimejaribu kumwambia watu waliopita pale ni wengi, akaniambia tuanze na huyu tunayemjua.

Na langu mimi: ile picha iliyokuwa ukutani sebuleni kwenu, Mzee na wenzake wamevaa kofia za reli, nyuma yao kuna kibanda. Ni bustani hiyo? Chai iliuzwa upande gani? Jioni watu waliketi wapi, nyasini au kwenye viti? Sarafu huangukia pale watu wanapoketi, mfukoni zikateleza, na mimi nimechoka kubisha hodi kwa vizibo. Kama picha bado ipo, mwombe Nafula aipige kwa simu anitumie.

Na wewe je? Nafula alipita ule mtihani? Kile kikohozi kilimtoka Mama yake? Yule jirani wa mpaka, mlimalizana au bado anang'oa vigingi usiku? Redio yangu unayo, au uliipa yule fundi ambaye ... basi, tutaongea. Desemba mnakuja au ni ile ahadi ya kila mwaka?

Jibu mpe dereva wa matatu ya asubuhi, yule wetu. Aandike Mzee mwenyewe, hata mistari miwili, maana mwandiko wako Adhis atasema umemtungia. Na Ouko akikupigia simu, wewe hujui lolote.

Wako,
Baba Adhis