Neno panya liwekwe kwenye kichwa cha habari

Ndugu mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, ila ile habari ya dawa ya nano, yaani dawa iliyofungwa ndani ya vichembe vidogo mno vya peptaidi, "inayoua saratani tu", imenishinda kunyamazia.

Shangazi yangu yuko Tukuyu, ana saratani ya titi, yuko kwenye dripu, ile nyekundu, doksorubisini, inayonyonyoa nywele na mpaka moyo inabidi upimwe. Sasa kijana mmoja akamsomea habari yenu, shangazi akaikata akaikunja akaichomeka kwenye kadi ya kliniki, akasema dripu basi, anasubiri hiyo mpya. Mimi na baba tukafunga safari kwenda kumbembeleza, mvua ya Rungwe mnaijua, tunafika anatutolea kile kipande, "si hapa wameandika, mbona mnataka kuniua na hii nyekundu?" Nimjibu nini mhariri? Nikasoma mpaka chini, na kweli neno panya lipo, kwamba dawa imejaribiwa kwa panya tu, sentensi ya mwisho kabisa, limebanwa juu ya tangazo la viwanja!

Wazo lenyewe ni zuri, hilo sibishi, mimi nafundisha kemia. Peptaidi ni minyororo mifupi ya amino asidi, ukiipanga vizuri inajikusanya yenyewe kwenye maji inakuwa vichembe vya nanomita kama 100 hivi (nanomita ni mita ukiigawa mara bilioni), dawa iko ndani, na vingine vinaundwa vifunguke vikikuta asidi ya uvimbe. Lakini damu ina vimeng'enya vinavyokatakata peptaidi, na ini na wengu vinadaka vichembe vingi kabla havijafika, ndo maana kilichofaulu kwa panya kinaweza kugoma kwa mtu. Hata doksorubisini ya kwenye vichembe vya mafuta, ambayo nayo ni dawa ya nano, ilipitishwa Marekani 1995 na bado ni dripu, bado mgonjwa anaenda hospitali. Mistari mitatu tu mngeandika hayo.

Halafu neno hilo la nano wanaliokota wachuuzi wa spika pale sokoni Mwanjelwa, wanauza unga "wa nano", unatibu kisukari, presha na saratani kwa kijiko kimoja, na hakuna anayewagusa.

Naomba hivi: kila habari ya dawa mpya, kichwa kianze na PANYA, au SELI ZA MAABARA, au WATU, herufi saizi ileile. Na marekebisho ya hii yatoke wiki hii, ukurasa wa mbele.

Mwalimu, Uyole, Mbeya