Mtuulize kabla ya kuchora plani

Bwana mhariri,

Ile habari yenu juu ya nyumba ya makumbusho ya uhamaji inayotaka kujengwa hapa Lubumbashi nimeisoma nikairudia, na damu ilinipanda. Mmeandika eti jamii zimeshirikishwa. Jamii gani? Mkutano ulifanyika hotelini katikati ya mji, asubuhi, siku ya kazi, kwa Kifaransa kitupu, na plani ya nyumba ilikuwa imeshachorwa na kubandikwa ukutani, nyinyi wenyewe mmeipiga picha. Hapo mtu wa mitaa yetu kama Katuba au Kenya (huu mtaa wa Lubumbashi, si ile nchi) amebakiziwa nini zaidi ya kupiga makofi? Miaka yote nanunua gazeti lenu na sikuwahi kuwaandikia, lakini hii imenishinda kunyamaza.

Mji huu umejengwa na watu waliotoka pengine, hata mtoto anajua. Treni ilifika kutoka upande wa Rodezia mwaka 1910, mwaka huo huo mji ukaanzishwa, na Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba iliyoundwa 1906, ilikuwa inatafuta mikono kila mahali: Wabemba na wengine toka Rodezia Kaskazini, Zambia ya leo, halafu miaka ya 1920 wakaletwa watu wa Kasai, wa Lomami, wa Ruanda-Urundi. Kuanzia 1928 hivi kampuni ikataka mfanyakazi aje na mke wake, akae miaka, azalie kambini. Hao ndio babu zetu. Na Walamba, wenyeji wa hapa ambao mji uliota juu ya mashamba yao, nao wana lao la kusema, ila sijaona mahali mlipoandika kama kuna aliyewaendea.

Sasa niwaambie kilichotupata. Kuna vijana walikuja kwetu Katuba, wana adabu, wana vinasa sauti, wakakaa na mama yangu alasiri nzima anawasimulia jinsi baba yake alivyokuja kutoka Kasai na treni, jinsi walivyokuwa wanapanga mstari wa posho kambini, nani alikufa, nani alioa wapi. Wakaomba kitabu cha kazi cha babu na foto yake moja amesimama mbele ya nyumba ya kampuni na watoto wake, wakasema ni kwa fotokopi tu, wiki ijayo tunarudisha. Hawakurudi. Simu ikawa haipiti. Halafu siku moja jirani akanambia ameona maonyesho fulani mjini, twende, nikamchukua mama, tukalipa mlangoni sisi wote wawili, tukaingia, na babu yuko ukutani, mkubwa kuliko mlango, chini yake wameandika familia ya mfanyakazi, karibu na 1950. Basi. Hakuna jina. Mama alisimama pale akauliza kwa sauti, "Huyu ni baba yangu, juu ya nini habakuandika jina yake?" Mlinzi akamwambia asiguse. Mwanamke ambaye yumo ndani ya ile foto, ndiye yule mtoto mdogo wa kushoto, anaambiwa asiguse! Tuliomba kuona mkubwa wa pale, tukaambiwa tuandike barua, tukaandika, mpaka leo kimya. Mama amezeeka sasa, mtu akija na kinasa sauti anaingia ndani anafunga mlango, na simlaumu hata kidogo.

Na si maonyesho tu. Nendeni soko la Kenya mkanunue karanga, mtafungiwa kwenye karatasi za zamani za kampuni, majina ya watu, mishahara, tarehe ya kuajiriwa, vijiji walikotoka. Mimi nimezikusanya, ninazo ndani ya katoni chini ya kitanda. Kuna anayezitupa na kuna anayeziuza kwa kilo, wakati sisi tunahangaika kutafuta cheti cha kuthibitisha mzee alifanya kazi miaka mingapi ili wajane wapate haki yao. Hilo pia mlifuatilie siku moja.

Msiniambie haiwezekani kufanya vizuri. Hapa hapa, kuanzia 2000, watu wa chuo kikuu chetu na mradi wao wa Kumbukumbu za Lubumbashi waliingia manyumbani, wakasikiliza wazee, wakakusanya vitu (waliokuja kwetu ni wengine, nisisingizie). Kule Cape Town, Afrika Kusini, watu waliofukuzwa mtaa wao wa District Six enzi za ubaguzi wa rangi, karibu 60,000, wana makumbusho tangu 1994, na pale chini sakafuni kuna ramani kubwa ya mitaa yao na wenyewe ndio walioandika majina yao juu yake, nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyewaandikia "familia ya mfanyakazi".

Na 1992 na 1993 je? Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga hii, wengi wamezaliwa hapa na baba zao wamezaliwa hapa, wakalala stesheni ya Likasi miezi na miezi wakingojea treni, watoto wakafia pale pale. Huo si uhamaji? Katika habari yenu hamna hata mstari. Hilo haliwezi kuandikwa na mshauri anayeshuka ndege Jumatatu na kupanda Ijumaa, linataka waliofukuzwa na waliobaki na nyumba zao wakae chumba kimoja, na itauma.

Mimi naomba hivi. Hiyo plani ishushwe ukutani kwanza. Mikutano ifanyike Jumapili baada ya misa, kwa Swahili, Katuba, Kenya, Kamalondo na Ruashi, kwenye kiwanja cha shule. Nusu ya komite wawe wajane wa wafanyakazi wa migodi, na walipwe nauli. Anayetoa kitu apewe risiti yenye mhuri na jina la aliyekichukua, foto irudishwe ndani ya mwezi mmoja, na aliyetundikwa ukutani jina lake liandikwe kamili, na familia yake isilipe mlangoni. Na mkutano ujao mtutangazie tarehe na mahali kwenye ukurasa wa kwanza, wiki moja mbele, tutakuja.

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi