YAH: KUZUILIWA KWA DATA ZETU NA ANKARA YA DOLA

Mkurugenzi Mtendaji,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhasibu mkuu wa kampuni ya jumla ya mafuta ya kula na sabuni hapa Mwanza, yenye matawi Geita na Shinyanga. Nakuandikia wewe mwenyewe kwa sababu barua pepe nne nilizotuma kwa watu wako wa huduma zimejibiwa kwa namba ya tiketi tu.

Mlipokuja kutuuzia mfumo wa kompyuta wa uhasibu na stoo, mezani tulikuwa na wauzaji wengine watatu: mmoja na Tally ya India, mwingine na Odoo ya Ubelgiji, wa tatu na SAP Business One. Kijana wenu wa mauzo alikuja mara tano. Kuunganisha na VFD ya TRA, ile ya kutoa risiti za kodi kielektroniki, bure. Mafunzo ya matawi, bure. Na siku tukitaka kuondoka, tutachukua data zetu zote kwa Excel. Nikamwambia aandike, akaandika kwenye barua pepe. Siku zile tulikuwa bibi harusi.

Tarehe 19 mwezi uliopita, kesho yake ndiyo mwisho wa ritani ya VAT, ripoti ya mauzo iligoma kutoka. Nilipopiga simu niliambiwa fundi anayeijua sehemu hiyo ameacha kazi. Jioni mtunza stoo wa Geita akanitumia picha ya skrini: sabuni ya mche, katoni -340. Katoni zenyewe zilikuwa nyuma yake, zimepangwa mpaka karibu na dari. Tangu hapo anaandika kwenye kaunta buku. Ritani tuliimaliza saa tano usiku, tukijumlisha risiti moja moja.

Hilo ningelimeza, maana hakuna mfumo usioharibika. Lililonishinda ni jibu lenu tulipoomba data zetu. Mmetupa PDF ya leja, kurasa zaidi ya 2,000, nanyi mnajua fika kwamba hakuna mfumo mwingine utakaoisoma. Mkitoa faili za kawaida, mnataka "ada ya uhamisho" dola 4,500. Mkataba nimeusoma mara tatu, ada hiyo haimo. Madeni ya wateja wetu, hesabu za stoo yetu, miaka miwili ya makarani wangu kukesha, leo tuvikomboe kama simu iliyowekwa bondi?

Na hizo dola zinatoka wapi? Ofisi yenu iko Dar es Salaam, sisi tuko Mwanza. Kanuni za Machi 2025 zimekataza kutoza huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni.

Ushindani wenu, naona, unaishia siku ya kusaini. Kampuni kubwa ina wanasheria na mafundi wake, haiguswi. Mwenye duka la mtaani ana daftari, hamumhitaji. Sisi wa katikati, tukishaingiza leja yote, kuhama ni kufundisha watu upya katikati ya mwaka wa kodi, na mnalijua hilo. Ndiyo maana bei ya kila mtumiaji imepanda mara mbili tangu tusaini, na yule kijana hapokei simu tena.

Ndani ya siku 14 tunataka leja, orodha ya wadaiwa na wadai pamoja na ankara ambazo hazijalipwa, na stoo yenye gharama zake, vyote kwa CSV au Excel, bila ada. Ankara ya dola ifutwe. Malipo ya huduma ya mwezi uliopita yarudishwe, kwa sababu huduma hatukuiona. Tusipopata, barua hii itaenda Tume ya Ushindani (FCC) pamoja na viambatisho vyake.

Barua pepe ya kijana wenu ni kiambatisho namba 1. Sentensi ya Excel nimeipigia mstari.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhasibu Mkuu
Mwanza